Tunaishi karibu na bwawa la Jinja, mbona yuniti bado ni ghali?

*"Ninaishi Walukuba, Jinja. Kutoka kwetu hadi bwawa la Nalubaale ni safari fupi ya boda. Tuko familia nne kwenye mita moja ya Yaka, ya kulipia kabla, na mimi nina friji ya kuuzia juisi na maji baridi. Tuliposikia kampuni ya Umeme inaondoka na shirika la serikali linarudi, tulifurahi sana, tukajua bei itakatwa nusu. Imeshuka shilingi chache tu. Halafu kuna hili linalotugombanisha: nikinunua tokeni ya shilingi 20,000 tarehe mosi ninapata yuniti kama 28, jirani akinunua ya 20,000 ileile baada ya wiki anapata 22. Wengine wanasema mita imechezewa, wengine wanasema ni ERA, wadhibiti wa umeme, wanaokula. Ni nani hasa anayepanga bei hii? Na mama kama mimi atasikilizwa wapi?"*

Dada yangu, umeuliza maswali matatu kwa pamoja, na yote yana majibu. Naanza na la mita, kwa sababu ndilo linalowagombanisha majirani, na ndilo mnaloweza kulimaliza wiki hii.

Mita yenu haijachezewa, angalau si kwa dalili hizo ulizozitaja. Bei ya umeme wa nyumbani Uganda imepangwa kwa ngazi, na ngazi hizo huanza upya kila mwezi. Kwa bei za Aprili 2025, yuniti 15 za kwanza zilikuwa za bei ya msaada, shilingi 250 kila moja. Kuanzia ya 16 hadi ya 80 ulilipa bei ya kawaida, shilingi 756 na ushee. Kuanzia ya 81 hadi ya 150 bei ilishuka hadi 412, ngazi iliyowekwa ili watu waache mkaa na kupikia umeme. Ukipita 150 ulirudi kwenye bei ya kawaida. Juu ya hayo kulikuwa na ada ya huduma ya shilingi 3,360 kwa mwezi, na VAT ya asilimia 18 juu ya kila kitu.

Sasa fuata hesabu ya 20,000 yako ya tarehe mosi kwa bei hizo. Ada ya huduma na kodi yake inachukua karibu 3,965. Katika zilizobaki, ukitoa VAT, unabaki na 13,589 za kununulia umeme. Yuniti 15 za kwanza zinakula 3,750 tu, na 9,839 zilizosalia zinakupa yuniti 13. Jumla 28. Jirani anapokuja baadaye, ada imeshalipwa, lakini zile 15 za bei ya msaada umeshazichukua wewe. Pesa yake yote inanunua kwa 756, naye anaondoka na 22. Jirani wa tatu hali kadhalika. Wa nne, mwenye kununua mwisho kabisa, anavuka yuniti ya 80 na kuingia kwenye bei ya 412, anapata yuniti kama 35. Naamini mmeshawahi kumshuku huyo wa nne kwamba ana mkono na fundi.

Hakuna aliyeiba. Mita haijui kuna familia nne, inamjua mteja mmoja. Kwa hiyo dawa ya ugomvi ni kuchanga pesa, kununua kwa pamoja, kisha kugawana gharama kwa matumizi. Kwa mfano huo, 80,000 zinaleta yuniti 108, ambayo ni kama shilingi 740 kwa yuniti ukijumlisha kodi na ada. Wewe mwenye friji utalipa zaidi ya wenzako, na ni haki. Mita ndogo ya ndani kwa kila chumba itawaonyesha nani ametumia ngapi. Ila kumbuka kwamba bei anayokutoza mwenye nyumba kwenye mita hiyo ndogo haimo katika orodha ya bei za ERA. Kama anakutoza 1,000 kwa yuniti, hiyo ni bei yake yeye.

Je, kila familia iombe mita yake? Inategemea mnatumia kiasi gani. Kama kila familia inatumia yuniti 20 kwa mwezi, mita moja ya pamoja inawagharimu nyote karibu 66,400, lakini mita nne zingewagharimu karibu 51,400 kwa sababu kila moja ingepata zile 15 za bei nafuu. Hapo kuna akiba ya 15,000 kila mwezi. Kila familia ikitumia yuniti 30, faida yote inapotea: mita ya pamoja inafika kwenye bei ya kupikia, ilhali mita nne zinalipa ada mara nne, na zote mbili zinakaribia kuwa sawa. Kabla ya kutumia pesa kwa maombi, waya na fundi, andikeni matumizi yenu kwa miezi miwili mitatu. Bei hizi hupitiwa kila robo ya mwaka, hivyo pigeni hesabu kwa zile zinazotumika siku hiyo.

Sasa nije kwenye bwawa. Nauelewa uchungu wako. Watu wa Jinja wameyaona maporomoko ya Ripon yakizama lilipojengwa bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954 na leo linaitwa Nalubaale. Baadaye wakayaona maporomoko ya Bujagali yakizama pia. Ni haki mtu aulize: sisi tuliotoa mto, tumepata nini?

Lakini umbali hauingii kwenye bei. Umeme wa Nalubaale, wa Kiira iliyo pembeni yake, wa Bujagali, Isimba, Karuma na mitambo mingine yote unanunuliwa na mnunuzi mmoja, UETCL, shirika la njia kuu za umeme. Ni kama mitungi mingi inayomiminwa katika pipa moja: ukichota, huwezi kusema kikombe hiki ni cha Jinja. UETCL inachanganya gharama za wote, inaongeza ya kusafirisha, kisha inawauzia wasambazaji. Nalubaale yenyewe ina megawati 180, deni lake la ujenzi lililipwa zamani, na umeme wake ni rahisi mno. Ila urahisi huo umeyeyuka ndani ya mchanganyiko ambao una pia mabwawa mapya yanayolipiwa mikopo. Na kama tungepanga bei kwa umbali, mtu wa Arua au Moroto angelipa bei ambayo wewe mwenyewe usingependa ndugu yako ailipe.

Fidia ya eneo lenu imewekwa mahali pengine, na watu wachache sana wanalijua hili. Sheria ya Umeme ya mwaka 1999 inamtaka mwenye leseni ya kuzalisha umeme wa maji ailipe serikali ya wilaya lilipo bwawa mrabaha, kwa kiwango wanachokubaliana baada ya kushauriana na ERA. Kwa Nalubaale, upande wa mashariki ni Jinja na upande wa magharibi ni Njeru iliyo Buikwe, ndiyo maana mgawanyo umezua mabishano. Pesa hiyo haiji kwenye tokeni yako. Inaingia kwenye hazina ya serikali ya mtaa, na hapo diwani wako ana wajibu wa kukuambia ilifika kiasi gani na ikafanya nini.

Swali la nani anapanga bei linataka subira kidogo, kwa sababu watu huchanganya wanaotangaza bei na wanaoifanya iwe ilivyo.

Anayeitangaza ni ERA, mamlaka ya kudhibiti sekta ya umeme, iliyozaliwa na sheria hiyohiyo ya 1999. Wajumbe wake huteuliwa na Waziri wa Nishati kwa idhini ya Baraza la Mawaziri. ERA inatoa leseni, inakagua hesabu za kampuni na kukata gharama isizoziona halali, kisha inapitisha bei. Pesa ya tokeni yako haiendi kwao wakagawane. Inaenda kwa msambazaji, ambaye anailipa UETCL, nayo inawalipa wenye mitambo. ERA inaendeshwa kwa tozo inayokatwa kwenye mapato ya sekta, na ni sehemu ndogo sana ya yuniti yako. Wakati wa makabidhiano ya 2025 mtendaji mkuu wake alikuwa Mhandisi Ziria Tibalwa Waako, na Wizara ilikuwa mikononi mwa Ruth Nankabirwa. Ukitaka kulaumu, laumu ukijua nani ana kalamu ya nini: Waziri ana sera, ERA ina bei na leseni, Wizara ya Fedha ina madeni, na Bunge linaidhinisha mikopo.

Wanaoifanya bei iwe ilivyo ni mikataba. Hapa ndipo ningependa ukae nami kidogo.

Hadi mwaka 2001 kulikuwa na shirika moja, UEB, lililofanya kila kitu. Likavunjwa vipande vitatu: UEGCL ya kuzalisha, UETCL ya kusafirisha, UEDCL ya kusambaza. Kisha mabwawa ya Nalubaale na Kiira yakakodishwa kwa kampuni ya Eskom kwa miaka 20 kuanzia 2003, na usambazaji ukakodishwa kwa Umeme kwa miaka 20 kuanzia Machi 2005. Mtandao ulikuwa hoi. Katika kila yuniti 100 zilizonunuliwa, karibu 38 zilipotea njiani, nyingine kwa nyaya mbovu, nyingine kwa wizi. Nani angeweka pesa yake kwenye kitu hicho? Serikali ikawavuta wawekezaji kwa ahadi ya faida ya asilimia 20 kwa mwaka kwenye mtaji watakaouingiza. Pesa ya faida hiyo ilitoka kwenye bei ya yuniti.

Nisiidhulumu kampuni hiyo kwa kusema haikufanya kitu. Upotevu ulishuka hadi asilimia 16 au 17, na hiyo si kazi ndogo. Upotevu unakugusa wewe moja kwa moja: msambazaji akinunua yuniti 100 na kufikisha 84, hizo 84 ndizo zinazobeba gharama ya 100. ERA huweka kiwango cha upotevu kinachokubalika ndani ya bei, na unaozidi hapo ni hasara ya kampuni. Kwa hiyo anayejiunganishia waya usiku anamtwika jirani yake sehemu ya mzigo. Lakini ahadi ya asilimia 20 ilikuwa ghali, na wananchi walilalamika kwa haki. Mwaka 2014 Bunge, baada ya ripoti ya kamati iliyoongozwa na Jacob Oboth, lilitaka mkataba uvunjwe. Haukuvunjwa. Kuuvunja kungeilazimu serikali kulipa fidia kubwa, ukaendelea hadi siku yake ya mwisho, 31 Machi 2025.

Hapo ndipo unapoona kwa nini bei haikukatwa nusu ulipoamka tarehe mosi Aprili na UEDCL ikiwa ndiyo yenye nguzo. Sehemu ya usambazaji ni moja tu kati ya tatu. Gharama za kuzalisha na kusafirisha zilibaki zilezile asubuhi hiyo. Na hata katika sehemu ya usambazaji, nguzo na transfoma ambazo Umeme iliweka na bado hazijalipiwa zilipaswa kununuliwa. Serikali ililipa dola milioni 118 kwa mkopo wa benki, kampuni ikasema inadai zaidi, na mgogoro ukapelekwa kwa wasuluhishi London. Mkopo wa aina hiyo haulipwi na hewa. Nikuongeze jambo ambalo huenda likakushangaza: mfuko wa NSSF ulikuwa na takriban asilimia 23 ya hisa za Umeme, kwa hiyo akiba ya wafanyakazi wa viwanda vya Jinja nayo ilikuwa humo.

Upande wa uzalishaji ndio mzito zaidi. Bujagali, megawati 250, ilizinduliwa 2012 chini ya mkataba wa miaka 30. Isimba, 183, ikafuata 2019. Karuma, 600, ikazinduliwa Septemba 2024. Hizi mbili za mwisho zilijengwa kwa kiasi kikubwa kwa mikopo ya Benki ya Exim ya China, na mikopo hulipwa kwa dola. Shilingi ikidhoofika, ERA inapopitia bei kila robo mwaka inazingatia thamani ya shilingi, mfumuko wa bei na gharama ya mafuta, na wewe unaiona kwenye tokeni. Isitoshe, Karuma ilipoingia nchi ikawa na uwezo wa zaidi ya megawati 2,000 huku mahitaji ya saa za kilele yakiwa takriban nusu ya hapo. Mikataba ya mitambo mingine inasema hivi: mtambo ukiwa tayari kuzalisha na gridi ikashindwa kuupokea umeme huo, mnunuzi analipa tu. Tunalipia umeme usiofika popote. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa la sera ya umeme Uganda, kubwa kuliko la Umeme: tulijenga mabwawa kwa kasi, nyaya na vituo vya kupozea umeme vikabaki nyuma.

Usidhani kwamba tulikosa akili kuyajenga. Waliokuwa Jinja mwaka 2005 na 2006 wanakumbuka Ziwa Victoria lilivyopungua, giza likawa la zamu, na nchi ikawasha majenereta ya dizeli kwa gharama ya kutisha. Kwa miaka kadhaa hazina ililipa sehemu ya bei ili wewe usiihisi. Januari 2012 ruzuku ikaondolewa, na yuniti ya nyumbani ikaruka kutoka shilingi 385.6 hadi 524.5 kwa siku moja. Kwa hiyo mtu akikuahidi umeme wa bei ya chini, muulize kwanza: tofauti italipwa na nani, na mpaka lini?

Utaniuliza pia kuhusu viwanda, maana Jinja mnaviona. Ni kweli, kiwanda kikubwa sana kinalipa chini ya nusu ya bei yako kwa yuniti. Sababu moja ni ya kiufundi: kinapokea umeme wa msongo mkubwa, kina transfoma yake, kinatumia usiku na mchana, na upotevu wa kukifikishia ni mdogo. Sababu nyingine ni ya kisiasa. Rais Museveni amesisitiza kwa miaka mingi kwamba wenye viwanda wauziwe kwa senti 5 za dola. Sera hiyo inatetewa kwa kusema italeta ajira, na huenda ni kweli, lakini ni uamuzi wa binadamu na unaruhusiwa kuuhoji. Mimi naona nafasi ya kushusha bei ya wadogo ipo katika kuutumia umeme uliozidi, kama ile ngazi ya kupikia inavyojaribu kufanya. Ukiweza kupata sufuria ya umeme yenye presha, ukapikia maharage, linganisha na gunia la mkaa kwa mwezi mmoja kabla hujaamua.

Tumebakiza swali lako la mwisho, wapi utasikilizwa. Mlango wa kwanza ni kikao cha maoni. Mwishoni mwa kila mwaka kampuni zenye leseni hupeleka maombi ya bei ya mwaka unaofuata, nayo ERA huyatangaza na kuwaita wananchi kutoa maoni kabla ya kuamua. Wanaofika ni wenye viwanda na mawakili wao. Mama muuza juisi hafiki, na mezani hakuna karatasi inayosema mita moja ikihudumia familia nne, bei ya msaada haiwafikii wale iliyowekewa. Wewe unaijua hali hiyo kuliko afisa yeyote wa Kampala. Iandike ukurasa mmoja, weka tarakimu za miezi mitatu ya mita yenu, majirani watie sahihi, ipelekeni. Ombi lenye hesabu ni gumu kulitupa.

Kwa malalamiko ya huduma, kama transfoma kuungua, umeme hafifu unaoharibu friji, au tokeni isiyoingia, njia ni nyingine. Anza na ofisi ya UEDCL ya eneo lenu na usiondoke bila namba ya kumbukumbu. Wasipotatua, peleka kwa ERA ukiwa na namba hiyo, risiti za tokeni na namba ya mita. Bado hujaridhika, kuna Baraza la Migogoro ya Umeme mjini Kampala, lililoundwa na sheria kwa ajili hiyo. Hapo ni vyema kuwa na mwanasheria kama madai ni makubwa, kwa mfano nyumba kuungua au friji za duka zima.

Na yapo mambo ambayo mimi siwezi kuyapima kwa maandishi. Waya ukipata moto, ukuta ukikupiga shoti, swichi ikinuka, au mita ikihesabu hata mkizima kila kitu, zimeni swichi kuu na mwiteni fundi mwenye kibali cha ERA, naye akuonyeshe hicho kibali. Msimwite kamyufu yeyote, yule fundi wa mitaani asiye na kibali, anayeahidi kuipunguza mita. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliongeza sana adhabu za kuchezea mita na wizi wa umeme, na mita ikikutwa imefunguliwa, wa kwanza kuulizwa ni wale wanaoitumia, hata kama fundi alikuja kabla hamjahamia. Kwa kuwa ninyi ni wapangaji, muombeni mwenye nyumba awaandikie namba ya mita, jina lililosajiliwa, na hali ya lakiri zake siku mlipoingia.

Kuhusu mrabaha, barua yako kwa diwani iwe fupi: ni kiasi gani kilipokelewa mwaka wa fedha uliopita kutoka kwa mabwawa, na kiliandikwa kwenye kifungu gani cha bajeti ya Jinja. Omba jibu kwa maandishi, na nakala mpelekee karani wa jiji.